Sikio nalo ni chombo cha kazi



Baba anatoka kazini, anafungua radio mpaka jirani anagonga ukuta. Bibi analalamika: «Ninakuita mara tatu, haujibu! Ni kiburi gani hiki?» Hapana, mama. Ni mashine ya kutoboa jiwe imemukula masikio.

Ubaya wa makelele ni kwamba hayatoe damu. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo vyenye kupokea sauti. Vikikufa, havioti tena, na munganga hana dawa. Vya kwanza kufa ni vile vya sauti nyembamba, sawa s, f na t. Mutu anajua kama unasema naye, lakini shefu akilia «toka!», yeye anasikia paka «oka».

NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya kazi, inaweka mupaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Na mashine ya kutoboa kwa hewa mara nyingi inapita 110!

Wakubwa wanatugawia bushoni za masikio, halafu wanasema mambo imekwisha. Muzivae, sisemi muzitupe. Lakini mutu mwenye masikio yamekwisha kuumia, ukimuziba tena, hasikie kamioni inayorudi nyuma wala jiwe la juu linalolia mbele ya kuanguka. Ndiyo maana anazitoa. Kisha wanamupa barua ya azabu.

Afrika Kusini, serikali, wenye migodi na sendika walipatana mwaka 2014: kufikia mwezi wa 12 mwaka 2024, hakuna mashine ya kupita desibeli 107. Kwangu mimi hiyo ingali mingi. Lakini angalau walianzia kwenye mashine.

Sisi tunaomba makelele yapimwe, mashine zifungwe kizuia-sauti, kamioni ziwe na taa za kuonya, na alama za mukono na za taa zijulikane na wote. Tena masikio yapimwe siku ya kuingia kazini na kila mwaka, na mufanyakazi apewe karatasi yake. Bila ile karatasi ya kwanza, siku ya kukuachisha watasema uziwi ulitoka nao kwenu kijijini. Badelege, muiombe kwenye mukutano unaokuja, na jibu liandikwe.