Bima Ndogo, Majeraha Makubwa

Sidhani kama ipo methali inayotajwa mara nyingi pembeni mwa kitanda cha majeruhi kuliko ile isemayo ajali haina kinga. Huitamka mjomba aliyekuja kutoa pole, huitamka askari aliyechoka, na huitamka kwa unyenyekevu mkubwa zaidi mwenye gari, ambaye ndiye anayenufaika nayo. Methali yenyewe haina kosa. Inatukumbusha kwamba binadamu haioni kesho yake. Haikusema kamwe kwamba aliyevunjwa mguu hana wa kumdai. Kinga ni jambo moja na fidia ni jambo lingine. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba dola na kampuni za bima zimeuacha umma uyachanganye mambo hayo mawili, na kwamba mkanganyiko huo una wanaoufaidi.

Nianze na sheria, kwa kuwa wengi wetu hudhani fidia ya ajali ni hisani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya sheria za nchi yetu, inakataza mtu kutumia gari barabarani, au kuruhusu litumiwe, bila bima inayokinga madhara yatakayompata mtu wa tatu. Mtu wa tatu ni nani? Wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni mtembea kwa miguu pale kivukoni, ni mama ntilie aliyepanga masufuria yake kando ya barabara, ni mwanafunzi anayerudi nyumbani jioni. Lugha ya mitaani imeibatiza bima hiyo jina la "bima ndogo", kwa kuilinganisha na "bima kubwa" ambayo hulinda hata gari lenyewe. Jina hilo limetupotosha. Bima hiyo ni ndogo kwa mwenye gari, kwa sababu haimtengenezei bati lake lililobonyea. Kwa aliyegongwa, mara nyingi ndiyo bima pekee iliyopo.

Sasa tazama jinsi sheria hiyo hiyo inavyosimamiwa kwa jicho moja. Mwenye gari hulipa kila mwaka. Trafiki humsimamisha na kumwuliza bima. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, imejenga mfumo wa kielektroniki unaowezesha kuhakiki bima ya gari kwa simu ya mkononi. Hayo ni mafanikio, na nayapongeza. Lakini tangu nianze kufuatilia suala hili sijapata kumwona askari, muuguzi wala ofisa wa ustawi wa jamii akimwinamia majeruhi na kumwambia: gari lililokugonga lina bima, kampuni yake ni hii, dai lako linaanzia hapa. Dola imejipanga vizuri kuhakikisha ada ya bima imeingia. Haijajipanga hata nusu ya hapo kuhakikisha fidia imetoka.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alikuwa abiria wa bodaboda iliyogongwa na lori. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Siku ya nne, mtu aliyetumwa na mwenye lori alifika wodini na shilingi laki tatu, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwamba pande mbili zimemalizana na hazitadaiana tena. Mama wa kijana yule alikuwa amekwisha kukopa kwenye kikoba ili mwanawe afungwe vyuma. Aliweka dole gumba. Lori lile lilikuwa na bima hai. Upasuaji wa pili, miezi ya mazoezi ya viungo na mwaka wa masomo uliopotea vyote viliingia katika deni la mama, na ile karatasi ndiyo iliyowekwa mezani kila alipojaribu kuuliza. Simtaji mwenye lori wala kampuni yake, kwa sababu si habari ya lori moja. Kila anayesoma hapa anamjua mtu aliyewekewa karatasi kama ile mbele yake.

Huko ndiko tunakokuita "kuyamaliza kienyeji". Sipingi suluhu, mila zetu zina hekima ya kupatanisha. Napinga suluhu ambayo upande mmoja unajua thamani ya dai na upande mwingine haujui hata kwamba una dai. Mapatano ya namna hiyo ni biashara ya kununua haki ya mtu kwa bei ya nauli, wakati yeye hajajua kama atatembea tena.

Tuseme majeruhi amekataa karatasi hiyo. Ni njia gani iliyo mbele yake? Anahitaji PF3, ripoti ya polisi na ramani ya eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, kumbukumbu za matibabu, risiti, na maoni ya daktari kuhusu kiwango cha ulemavu. Akiwa navyo vyote, ataandika dai kwa kampuni ya bima. Kampuni ikikataa au ikikaa kimya, atalazimika kufungua kesi ya madai dhidi ya dereva na mwenye gari, athibitishe uzembe, na ashinde. Ni baada ya hukumu hiyo ndipo sheria inaitaka kampuni ilipe kwa niaba ya mteja wake. Na yote hayo yaanze ndani ya miaka 3 tangu ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda wa Madai. Mtu aliyelala na mguu ulioning'inizwa anatakiwa kuwa mpelelezi, karani na mwanasheria wa nafsi yake.

Kesi ya jinai nayo haimsaidii kama inavyoweza. Dereva akitiwa hatiani, mara nyingi hutozwa faini, na faini huingia serikalini. Aliyevunjika haambulii senti. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu mamlaka ya kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa. Kuomba amri hiyo ni sentensi mbili za mwendesha mashtaka. Zaidi ya hapo, hukumu ya hatia ni ushahidi mzito katika kesi ya madai itakayofuata. Majeruhi ambaye hakuambiwa tarehe ya hukumu, wala hakupewa nakala yake, amenyang'anywa nyaraka yake bora kuliko zote.

Hapa ndipo nafika kwenye kiini cha hoja yangu. Tujiulize ni kwa nini majeruhi alazimike kuthibitisha kosa la mtu kabla hajapata hata fedha ya dawa. Watetezi wa utaratibu huu watasema ndivyo sheria ya madhara ilivyo. Sivyo ilivyo kila mahali, wala sivyo ilivyo hapa kwetu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaoendeshwa kwa michango ya waajiri. Mfanyakazi akiumia kazini, haulizwi kama mwajiri alizembea. Anaulizwa kama aliumia, na kama aliumia akiwa kazini. Fikiria basi moja lililopinduka. Dereva aliyeajiriwa na kuchangiwa ana mlango wa kubisha bila kumshtaki mtu. Abiria aliyeketi nyuma yake hana mlango huo. Mama ntilie aliyefuatwa na basi hadi kwenye meza yake naye hana. Barabara ni ile ile, chuma ni kile kile, na wawili hawa wa mwisho hawakuwa na mkono wowote katika usukani. Kama Bunge liliona kwamba mfanyakazi hapaswi kusubiri hukumu ndipo atibiwe, ni kanuni gani ya haki inayomtaka abiria asubiri?

Kuna dhuluma nyingine iliyojificha katika kipimo cha hasara. Mahakama hutaka fidia maalumu, yaani gharama halisi na kipato kilichopotea, ithibitishwe kwa ushahidi wa uhakika. Mtumishi wa umma atapeleka hati ya mshahara. Muuza mchicha atapeleka nini? Kipato chake cha siku hurudi nyumbani kikiwa unga na mkaa, hakiachi karatasi. Matokeo yake ni kwamba mkono wa mtu wa ofisini unakuwa na bei inayojulikana, na mkono wa mfinyanzi unakuwa na bei ya huruma ya hakimu. Ongeza suala la lugha. Mwaka 2021 tulibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mikataba mingi ya bima bado imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kinachomchosha hata anayekifundisha.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni udanganyifu: kwamba tukilegeza masharti, watajitokeza vishoka na majeruhi wa kubuni. Udanganyifu upo, na adhabu zake zipo. Lakini hakuna anayependekeza kufunga mabenki kwa sababu kuna wezi. La pili ni gharama: kwamba ada ya bima itapanda, na nauli nayo ipande. Pingamizi hili ni zito zaidi, nami sitalikwepa. Afrika Kusini ina Mfuko wa Ajali za Barabarani unaogharimiwa na tozo ya mafuta, na kwa miaka mingi mfuko huo umeelemewa na madeni. Somo ninalolipata hapo ni kuweka viwango vinavyojulikana na kupunguza mabishano ya mawakili, kwa sababu mfumo wa Afrika Kusini nao umejengwa juu ya kuthibitisha kosa. New Zealand iliachana na kesi za majeraha ya ajali tangu mwaka 1974, na hulipa matibabu na sehemu ya kipato bila kuuliza aliyekosea. Hatuna utajiri wa New Zealand. Lakini tusijidanganye kwamba kutolipa ni bure. Gharama ya mguu uliovunjika haiyeyuki kampuni inapokataa dai. Inahamia kwenye kikoba cha mama, kwenye bajeti ya hospitali ya rufaa, na kwa binti anayeacha shule ili kumwuguza baba. Tunalipa tayari. Tofauti ni kwamba tumemchagua maskini awe ndiye mlipaji.

Tena hatuzungumzii watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa kila anayekufa wapo wengi wanaobaki na ulemavu. Kila lita ya mafuta tunayonunua ina tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara. Tumekubali kuchangia lami. Hatujakubali kuchangia watu wanaovunjikia juu yake.

Kwa hiyo ninadai mambo manne. La kwanza halihitaji hata kikao cha Bunge: nyuma ya kila PF3 pachapishwe, kwa Kiswahili, haki ya majeruhi, jina la kampuni ya bima ya gari husika, namba ya bima, na ukomo wa miaka 3. La pili, kampuni ya bima ilazimike kulipa gharama za awali za matibabu, kwa kiwango kitakachowekwa kisheria, mara tu ajali na bima vinapothibitishwa. Mjadala wa nani alikosea uendelee baadaye kuhusu fidia iliyosalia. La tatu, uwepo mfuko wa waliogongwa na magari yaliyokimbia au yasiyo na bima. Ghana ina mfuko wa aina hiyo. India, tangu Aprili 2022, imeweka rupia 200,000 kwa familia ya aliyeuawa na gari lililokimbia na rupia 50,000 kwa aliyejeruhiwa vibaya. Si fedha nyingi, lakini ni ungamo la dola kwamba mtu huyo ni raia wake. La nne, TIRA itangaze kila mwaka, kwa jina la kila kampuni na kwa lugha ambayo abiria wa daladala ataielewa, madai ya majeruhi yaliyopokelewa, yaliyolipwa, yaliyokataliwa, na siku zilizopita hadi malipo.

Kwenu wanafunzi wa sheria: kliniki zenu za msaada wa kisheria zisikae chuoni, ziende wodi za mifupa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewafungulia njia. Kwenu wanaharakati: acheni kupeleka matunda na sabuni peke yake, pelekeni pia nakala ya dai. Kwenu watumishi wa umma mnaoketi polisi, hospitalini na mahakamani: ripoti mnayoichelewesha ndiyo mlo wa mtu. Na kwa yeyote atakayeumia kabla sheria haijabadilika, nasema hivi: piga picha namba ya gari, hakiki bima yake, tunza kila risiti, dai nakala ya kila karatasi, na usiweke sahihi wala dole gumba wodini. Kampuni ikikuzungusha, zipo TIRA na ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Bisha hodi huko kabla miaka 3 haijakukimbia.

Haki hii si mpya na si ya kuombwa. Ada yake imekwisha kulipwa na kila gari linalopita mbele ya nyumba yako kihalali. Kinachosubiriwa ni majeruhi kuambiwa hivyo na mtu mwenye wajibu wa kumwambia, siku ile ile anapopokelewa, kabla mwenye karatasi hajafika.