Digrii ya Kutandika Vitanda

Msimu wa kahawa, mizani ya chama cha msingi ikishaanza kazi, mazungumzo ya Kitura hugeuka kuwa mazungumzo ya ada. Kila mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita anapiga hesabu kwa sauti, na majirani wanamsaidia kuzikosea. Mzee mmoja alikuwa anaeleza kwamba mjukuu wake, binti aliyesoma mchepuo wa sayansi wa PCB, amechagua shahada ya uuguzi. Jirani yake akadakia: "Miaka minne chuo kikuu akajifunze kutandika vitanda? Mpeleke cheti, mzee mwenzangu. Miaka miwili karudi, anachoma sindano."

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa adabu ya mgeni. Leo nakirudisha kicheko hicho kwa wenyewe.

Imani hii si ya Kitura peke yake. Nimeikuta Mbinga mjini, nimeikuta Mbamba Bay, na kusema kweli nimeisikia hata midomoni mwa watu waliovaa koti jeupe. Inasema uuguzi ni kazi ya mikono na moyo: nesi awe na huruma, ajue kufunga dripu, aamke usiku akiitwa, basi. Digrii inampa Kiingereza na kiti cha ofisini, inamnyima mikono. Na hata kama kuna mahali digrii hiyo inafaa, basi ni Muhimbili. Huku kwetu, nani anaihitaji?

Mimi nasema huku kwetu ndiko inakohitajika kuliko huko.

Hebu fikiri. Nesi wa hospitali kubwa akiona jambo asilolielewa saa nane za usiku, anatembea hatua ishirini. Kuna daktari wa zamu, kuna mtaalamu wa usingizi, kuna benki ya damu, kuna dada mkuu wa wodi aliyeona kesi za namna hiyo mara mia. Nesi wa zahanati ya milimani ana mhudumu mmoja, tochi ya simu na mtandao unaopatikana ukisimama penye mwinuko fulani. Yule wa mjini anaweza kumudu kutokujua, kwa sababu ujuzi uko chumba cha pili. Huyu wa kwetu akishindwa kuamua, hakuna mwingine wa kuamua. Halafu sisi, kwa akili zetu timamu, tumepanga kwamba aliye peke yake zaidi ndiye asomeshwe kidogo zaidi.

Chukua kifafa cha mimba. Mama analetwa kwa pikipiki, miguu imevimba, ameshaanguka mara moja njiani. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na dozi ya kwanza inatakiwa itolewe hapohapo kabla ya rufaa. Dawa huja ikiwa na ukali wa asilimia 50, lakini ile ya kupita mshipani inatakiwa iwe asilimia 20. Kwa hiyo gramu 4, yaani mililita 8, zinachanganywa na mililita 12 za maji ya sindano na kusukumwa taratibu. Gramu 10 nyingine zinachomwa matakoni, 5 kila upande. Mpaka hapo mtetezi wa mikono atasema: si nilikwambia, ni sindano tu! Ngoja. Njia ya kwenda hospitali imekatika, muda wa saa 4 umepita, dozi nyingine inadaiwa. Aichome? Kwanza agonge goti aone kama linaruka. Ahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Apime mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa. Mkojo unahusianaje na degedege? Dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikisinzia inajilimbikiza, inazima goti kwanza, kisha inazima pumzi. Hapo itahitajika kalsiamu glukoneti, na haraka.

Mkono uliofundishwa kuchoma utachoma. Anayejua figo zinafanya nini ndiye atakayeuzuia mkono. Na hilo la figo linafundishwa katika yale masomo yanayochekwa, fiziolojia na famakolojia, tena darasani, ubaoni, kwa mitihani inayonyima watu usingizi.

Simdharau muuguzi wa cheti. Wengi wanaosoma makala hii walipokelewa duniani na mikono yake, na wapo waliojifunza haya yote kwa kujitesa wenyewe, usiku, kwa kitabu cha kuazima. Ninachokataa ni kumwachia ajitese, kisha kuuita uzembe wetu busara.

Mfano wa pili naupenda zaidi, kwa kuwa ulizaliwa Afrika. Mwaka 1972 watafiti wawili, Philpott na Castle, wakiwa Harare wakati mji huo ungali ukiitwa Salisbury, walichora mistari miwili juu ya chati ya uchungu. Wa kwanza ni wa tahadhari: mlango wa kizazi unatarajiwa kufunguka sentimita 1 kwa saa. Wa pili ni wa kuchukua hatua, nao umewekwa mbele kwa muda wa saa 4. Saa hizo hazikuokotwa. Zilikusudiwa kumpa mkunga wa kliniki ya mbali nafasi ya kumfikisha mama hospitali kabla mambo hayajaharibika. Patografu iliyozoeleka leba kote nchini ni mtoto wa chati hiyo. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye mbali na daktari, yaani kwa ajili ya Kitura.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kipimo cha sentimita 1 kwa saa hakiwatendei haki wanawake wote, na kwamba uchungu mkali uhesabiwe kuanzia sentimita 5, si 4. Mwaka 2020 likatoa fomu mpya. Aliyekariri mstari amebaki na mstari uliochakaa. Aliyefundishwa kwa nini mstari ulichorwa anaweza kuuhama bila kupotea, na anaweza pia kujiuliza swali ambalo Harare haikuweza kumjibia: kutoka vilima hivi hadi Litembo wakati wa masika, au kutoka kijiji cha ufukweni hadi Liuli ziwa likiwa limechafuka, muda wa saa 4 unatosha, au nianze kutafuta usafiri sasa hivi?

Watu wa Mbinga kushindwa kuelewa hili kunanishangaza, maana sisi ndio wenye ngoro. Mgeni akipita barabarani anaona watu wanachimba mashimo kwenye mteremko, anaona jembe na jasho. Haoni kwamba kabla ya jembe kuna nyasi zilizolazwa kwa mistari inayokatana, kwamba udongo unafukuliwa kutoka katikati kufunika nyasi hizo, kwamba shimo lipo ili maji ya mvua yasimame badala ya kuiburuta Umatengo yote kuipeleka Nyasa. Mkabidhi mtu mwenye mikono mizuri jembe bila elimu hiyo, uone atabaki na shamba misimu mingapi. Hakuna Mmatengo anayeita ngoro kazi ya mikono tu. Ila nesi, ah, yeye ni mikono tu.

Na moyo. Tusisahau moyo, ule unaoitwa wito. Neno tamu sana, hasa kwa mlipaji. Daktari naye ana wito, lakini sijasikia mtu akipendekeza tumpunguzie miaka ya kusoma kwa kuwa ana huruma. Daktari mpya akikosa mshipa mara mbili tunasema bado anajifunza. Nesi wa digrii akikosa mara moja tunasema digrii imemharibu. Sitaki kulisema sana, lakini wengi wa wauguzi ni wanawake, na kazi ya mwanamke hapa kwetu daima hudhaniwa kuwa alizaliwa anaijua.

Hata hivyo mcheshi wa pale mizani alikuwa na robo ya ukweli, nami si mwizi, nitamlipa. Kuna wahitimu wa shahada wanaotetemeka mbele ya kanula. Mwenyewe nimewahi kulala katika hospitali moja, wanafunzi tisa wamenizunguka na mkono wangu ni ule mmoja. Wa kwanza alikosa, wa pili alikosa, wa tatu akapata. Sita waliobaki walisainiwa madaftari yao ya vitendo, wakaondoka. Hao sita nao wamehitimu. Lakini aliyewaharibu ni nani, kitabu? Kitanda kimoja kugawanywa kwa watu tisa ndicho kilichowaharibu, pamoja na msimamizi mwenye wagonjwa arobaini wa kuwatazama na wanafunzi asiolipwa chochote kuwafundisha.

Tanzania ina ushahidi wake juu ya jambo hili, tena kutoka hospitali ya vijijini. Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri zaidi. Kwenye watoto wenyewe, kama matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalivyoonyesha, hakuna kilichoboreka. Hospitali haikuishia hapo. Ikaanzisha mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mtu wa mikono atashangilia: mazoezi, umeona! Nimeona. Lakini nani alijua kwamba kozi imeshindwa? Kulikuwa na watu wamekaa leba na saa mkononi, wakiandika sekunde. Hesabu zao zilionyesha kuwa kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza kumpulizia mtoto hewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Kuhesabu, kulinganisha, kukubali kwamba tulichodhani kinafaa hakifai: somo hilo lina jina, linaitwa utafiti, na limo katika mtaala wa shahada. Ndilo linalotajwa kwanza kila mtu anapotaka kutoa mfano wa kupoteza muda.

Ulaya nako walihesabu. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha kwenye Lancet takwimu za wagonjwa 422,730 wa upasuaji katika nchi 9: kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliendana na upungufu wa asilimia 7 wa uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Ni hospitali za watu wenye madaktari tele, sizileti Kitura zilivyo. Nauliza tu: ikiwa pale penye daktari kila kona elimu ya nesi inaonekana kwenye vifo, hapa pasipo daktari itaonekana wapi?

Ninachotaka hakina ugumu. Wanafunzi wa shahada waje Litembo, Liuli, Mbamba Bay, na si kwa ziara ya wiki mbili ya kupiga picha na ziwa. Waje muhula mzima, wawili wawili, chini ya muuguzi anayelipwa kwa kufundisha. Na yule wa cheti aliyekwisha kuoa au kuolewa huku, mwenye shamba na watoto huku, apewe njia ya kupanda hadi shahada bila kupoteza mshahara wala makazi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kuwachukua vijana wa vijijini na kuwafundishia vijijini ili wabaki. Wanaosema wa digrii hawakai kijijini wamesahau kwamba ni wachache tuliowahi kuwafundishia kijijini.

Nilimwambia mzee sehemu ya haya, kwa ufupi, mizani ikiendelea kugonga. Alisikiliza, akapangusa vumbi la kahawa mikononi.

"Sawa, mwanangu. Nitauza, atakwenda. Akimaliza, watampanga hapa Kitura?"

Nilitazama foleni ya magunia. Jibu lake halikuwa kwangu.