Maelezo ya Zana ni Sehemu ya Zana

Mpimaji wa programu akiambiwa "hakikisha fomu inafanya kazi", anajua pa kuanzia hata kama aliyemwagiza hakusema zaidi ya hapo. Ataitazama skrini, atamuuliza mwenzake, atakumbuka kwamba ukurasa ule huchelewa kufunguka. Wakala wa akili unde hana pa kuuliza. Akikabidhiwa kivinjari ili aipime tovuti, kila zana aliyopewa anaifahamu kwa jina lake, maelezo yake na orodha ya vigezo inavyovipokea. Kwa kawaida, msimbo unaoiendesha zana hiyo hauoni. Ndiyo maana toleo hili linashikilia kwamba maelezo hayo si nyaraka za kuandikwa kazi ikishakwisha. Yanastahili kuhaririwa na kupimwa kama msimbo wenyewe.

Tangu Selenium, programu ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, ilipoanzishwa mwaka 2004, hadi Playwright, nyingine ya aina hiyo, ilipotoka mwaka 2020, mtu ndiye aliyeandika hatua za jaribio. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya MCP, ambayo inaiwezesha modeli ya akili unde, yaani ubongo wa wakala, kupewa zana za nje, na mwaka uliofuata Microsoft ikatoa toleo la Playwright linalotumia itifaki hiyo. Sasa modeli yenyewe ndiyo inayoamua itumie zana ipi, na huamua kwa kusoma.

Katika Playwright ya MCP zimo zana mbili zinazokaribiana. Moja hupiga picha ya skrini. Nyingine hutoa muundo wa ukurasa kwa maandishi, ambamo kila kitufe na kila kisanduku kina alama yake ya utambulisho. Zana ya kubofya huitegemea alama hiyo, na picha haina alama. Kwa hiyo maelezo ya zana ya picha yanaongeza kwamba picha haiwezi kutumika kufanyia vitendo, na kwamba kwa vitendo itumike ile zana nyingine. Sentensi moja tu, lakini bila hiyo wakala angeweza kupiga picha, akakiona kitufe, kisha akakosa namna ya kukibofya. Waandishi wengi husema zana inafanya nini wakaishia hapo. Kusema isitumike lini ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu inamlazimu mwandishi azifahamu zana zote zilizo jirani.

Katika upimaji, pengo hili la kutosema zana isitumike lini lina hatari kubwa zaidi. Playwright ikitaka kubofya, kwanza huhakikisha kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijazimwa, wala hakijafunikwa na kitu kingine. Tuseme tangazo limekifunika kitufe cha malipo. Ubofyaji utashindikana, na kushindikana huko ndiko alikotumwa mpimaji kukutafuta. Lakini wakala aliyeambiwa akamilishe malipo, na mwenye zana ya kuendesha JavaScript ndani ya ukurasa, anaweza kukibofya kitufe kwa msimbo, akalipita tangazo, kisha akaripoti kwamba jaribio limefaulu. Mteja atakwama mahali palepale ambapo ripoti inasema pako sawa. Jaribio linalofaulu kwa uongo ni baya kuliko lisilofanyika, maana linawaondolea watu shaka waliyostahili kuwa nayo. Hapa maelezo ya zana ya JavaScript yanapaswa kutamka wazi: usiitumie kukwepa ubofyaji ulioshindikana, ripoti kilichokuzuia.

Zana za kusubiri nazo zinahitaji maneno yaliyopimwa. "Husubiri ukurasa" haitoshi. Inasubiri maandishi yatokee, yatoweke, au muda upite? Muda ukiisha, inarudisha kosa au inanyamaza? Kwa wanaopima tovuti za Kiswahili kuna jambo la ziada: wakala aliyezoea tovuti za Kiingereza anaweza kusubiri neno "Success" kwenye ukurasa utakaoandika "Imefanikiwa". Maelezo yamwambie ayachukue maneno kama yalivyo kwenye ukurasa, asiyatafsiri.

Wapo watakaosema maelezo marefu yanakula nafasi ya modeli. Ni kweli, na zana nyingi zenye maelezo marefu humchanganya wakala. Lakini dawa yake ni kupunguza zana zinazofanana na kufuta sentensi zinazorudia jina la zana, si kuondoa masharti ya matumizi.

Tunawaomba wasomaji wanaojenga zana hizi watuandikie kwa ajili ya toleo lijalo. Leteni maelezo kama mlivyoyaandika mwanzoni, kumbukumbu ya hatua alizochukua wakala, na maelezo mliyoyarekebisha baada ya kuona alichofanya.