Unga umepanda, mshahara umelala

Wandugu wa Kolwezi,

Siku za Union Minière mtu wa kazi alipokea posho: unga, samaki, mafuta. Hatusifu siku zile. Aliyekuandikia posho aliweza pia kuifuta. Lakini unga ukipanda bei, ilikuwa shida ya kompani. Hata baada ya serikali kutwaa migodi mwaka 1967, unga uligawiwa. Leo shida ile imehamia jikoni kwa mama.

Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, na sokoni kwetu watu wakashtuka, maana mahindi yetu mengi hupita Kasumbalesa. Mji unaolisha dunia kwa shaba na kobalti unangoja bukari yake juu ya lori la nchi ya jirani!

Mwenye nyumba anataka dola, tena za miezi ya mbele. Makala yanapanda mvua ikianza. Na wengi wetu tumeajiriwa na wakodishaji wa watu, kwa mkataba wa miezi michache. Anayelalamika haitwi tena. Mimi ni karani, naandika mishahara ile kila mwezi: franka zinaongezeka katika karatasi, mfuko wa unga unazidi kuwa mbali.

Basi, wajumbe wetu, mkikaa mezani na wakubwa, msiulize kwanza franka ngapi. Ulizeni mshahara huu unanunua mifuko mingapi ya unga. Hesabu hiyo iandikwe katika mkataba, ipimwe upya kila miezi mitatu. Na ninyi wandugu, mjumbe akija kuomba sauti yenu, mwulizeni hilo kabla ya kumpa.