Pwani si Dirisha la Gari

Kila likizo inapokaribia, mialiko ya safari za pwani huzagaa mitandaoni: anzia Bagamoyo, pita Saadani, vuka mto Pangani, ulale Tanga. Picha zake hufanana: minazi, maji ya samawati, ngalawa iliyopumzishwa mchangani. Mvuvi akionekana, huonekana kwa mbali, kama pambo la mandhari. Naipenda njia hiyo na nimeisafiri mara nyingi. Hata hivyo, nadai tuitazame kwa jicho la anayeishi kando yake.

Siipingi lami. Samaki huoza upesi, na diko lisilofikiwa na gari la barafu hubaki mikononi mwa mchuuzi mmoja anayepanga bei apendavyo. Lami yaweza kumkomboa mvuvi huyo. Lakini lami hiyohiyo hupandisha bei ya kiwanja kinachotazama bahari kabla ya kupandisha bei ya samaki. Mnunuzi kutoka mjini hulitangulia gari la barafu. Hununua, huzungushia ukuta, na njia ya miguu iliyoelekea diko tangu enzi za mababu huishia getini kwa mlinzi.

Wapo wanaouliza: je, hoteli hazileti ajira? Huleta. Basi tuhesabu pande zote mbili. Diko moja hulisha wavuvi, fundi wa mitumbwi, mshona nyavu, mama anayekaanga samaki, na kijana anayewapeleka sokoni kwa pikipiki. Hawa hawana barua za ajira. Kwa hiyo diko likifungwa, hakuna takwimu ya serikali itakayosema kwamba wamepoteza kazi.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuzitumia kwa wote. Kibanda cha makuti hubomolewa kwa saa moja. Ukuta wa mawe huandikiwa barua, kisha barua hujibiwa kwa barua.

Majirani zetu wameonja gharama ya kuchelewa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya, Malindi, iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Kesi ilikuwa imefunguliwa mwaka 2012. Fidia ni haki, lakini haimrudishii mvuvi maji aliyoyajua kwa majina.

Kwenu watumishi wa halmashauri za wilaya: pimeni madiko yote na njia zake sasa, na muyaingize katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji kabla mkandarasi hajaondoka. Kwenu wanafunzi na wanaharakati: ombeni mihtasari ya mikutano ya vijiji hivyo, muulize nani aliidhinisha nini, na lini. Ukuta ukishasimama, swali hilo huwa la mahakamani, na mahakamani mvuvi hufika akiwa amekwisha kukosa misimu kadhaa ya samaki.