Dawati la jinsia lipo, nani ataliingia?

Mhariri,

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono waziwazi. Vyuo vikuu navyo vimefungua madawati ya jinsia. Sawa. Ila chuoni kwa binti yangu dawati liko korido moja na ofisi za wahadhiri: anayekwenda kulalamika anapita mlangoni kwa anayemlalamikia, na fomu inadai namba ya usajili mstari wa kwanza kabisa. Nani atathubutu, matokeo yenyewe hayajabandikwa? Dawati lihamishiwe zahanati ya chuo, ambako mwanafunzi huingia bila kuulizwa amefuata nini. Na mtihani wenye malalamiko usahihishwe upya na mhadhiri mwingine.

Mzazi,
Morogoro