Nukta Tatu na Duara Lililosingiziwa

Umezagaa usemi katika mabaraza ya ushairi kwamba arudhi ni duara, na duara ni kifungo. Asemaye hivyo hujiona amekata shauri. Kumbe amelisingizia duara, na kwa kulisingizia ameidhulumu arudhi nayo. Jiometri ni elimu kongwe; haistahili kufanywa pambo la maneno na mtu asiyepata kushika bikari.

Na aanze na nukta moja. Ni maduara mangapi yapitayo hapo? Hayana idadi. Aongeze ya pili. Mstari mnyoofu umekwisha patikana, tena mmoja tu. Mwashi alijua hilo kabla ya vitabu, kila alipovuta uzi baina ya misumari miwili. Duara bado. Maduara yapitayo nukta mbili hayana idadi vile vile, ila sasa yametiwa adabu: vitovu vyake vyote vimejipanga juu ya mstari mmoja, ule ukatao katikati umbali wa nukta hizo kwa pembe mraba. Ikija nukta ya tatu, nayo ikawa nje ya mstari wa zile mbili, basi yamekwisha. Kila jozi ya nukta ina mstari wake wa vitovu, na mistari hiyo hukutana mahali pamoja. Hapo ndipo kitovu. Duara ni moja, wala halina mwenziwe. Euclid alilifundisha hili yapata mwaka 300 K.K., katika kitabu cha nne cha Elements, alipoonyesha namna ya kuizungushia pembetatu duara.

Sharti lile la kuwa nje ya mstari ndilo walitupalo wasemaji wetu. Nukta tatu zilizofuatana kama askari wa gwaride hazizai duara kabisa, kwani mistari ya vitovu vyake huwa sambamba, haikutani milele. Hata bapa hazilijulishi: mabapa yasiyo idadi huuzunguka mstari wao kama mlango juu ya bawaba. Zitoke katika safu hiyo, na bapa huwa moja papo hapo. Ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, ilhali meza ya miguu minne hutiwa kikaratasi chini. Mafiga nayo ni matatu, na hakuna mpishi aliyengojea mwalimu wa hesabu amweleze.

Sasa kifungo ki wapi? Nukta tatu zimelijulisha duara, lakini juu ya mzingo wake zimebaki nukta zisizo na idadi ambazo hapana aliyezitaja. Kujulishwa si kufungwa. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye wanahistoria humnasibisha na Oman, alizipanga bahari 15 za ushairi wa Kiarabu katika maduara matano mnamo karne ya 8. Msomaji akianzia mahali pengine juu ya duara lile lile, hutoka na bahari nyingine. (Waswahili walichukua jina la bahari wakaacha vipimo vyake, wakahesabu mizani kwa silabi, na walifanya vyema.) Na wanaoiita arudhi gereza wamtazame Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya tangu mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga akiwa gerezani hasa, nayo yana vina na mizani.

Lakini walinzi wa mapokeo wasishangilie mapema. Kosa lao ni la upande wa pili, na pengine ndilo baya zaidi, kwa kuwa hulitenda kwa jina la wazee. Wao huongeza nukta. Baada ya vina na mizani huja sharti la mishororo minne, kisha la mizani 16, kisha la kina cha kati, kisha la kituo kisichobadilika. Nukta ya nne haina hiari hiyo. Duara limekwisha patikana kwa tatu. Ya nne ama imo ama haimo, na kuwamo kwake kuna kipimo: pembe nne iliyomo ndani ya duara, pembe zake zinazotazamana zikijumlishwa ni nyuzi 180 kamili. Nukta iliyotupwa popote kwa matakwa ya mtu, mara nyingi mno huangukia nje.

Basi anayeongeza sharti hana budi kuthibitisha kwamba limo juu ya mzingo wa ushairi wa Kiswahili, si mahali alipopenda kulichomeka. Anayeshikilia mizani 16 aieleze kwanza Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo kila mshororo wake una mizani 10, na watu wa pwani hawakupata kuuliza kama ni shairi.